Unajitengenezea leza ya mkononi? Mwili wake ukikaa baridi, jua kuna noma

Wasee wanaopenda vitu za stima wanaijua hii. Unafungua DVD raita ya kompyuta mzee, unatoa ile daiodi nyekundu ya kuandikia diski, unaifungia ndani ya peni ya plastiki na betri. Inawaka fiti. Baada ya muda mfupi mwanga unafifia, alafu unazima kabisa. Daiodi imekufa, na chenye kimeiua ni joto.

Hesabu yake si ngumu. Tuseme daiodi inakula ampea 0.3 kwa volti 3. Hiyo ni wati 0.9. Kama mwanga unaotoka ni wati 0.2, zile 0.7 zingine zimebaki ndani zikiwa joto. Inakaa kidogo, lakini daiodi yenyewe ina upana wa milimita 5.6, na kichipi kinachotoa mwanga ndani yake ni kidogo kuliko punje ya mchele. Joto likikosa njia ya kutoka, chipi inachemka, nguvu inashuka, na maisha yake yanakatwa.

Kwa hivyo mwili wa leza si urembo. Ni barabara ya joto.

Chuma gani?

Alumini ndio chaguo la wengi. Inapitisha joto karibu mara 1,000 kuliko plastiki, ni nyepesi, na inakatika bila stress. Kopa inapitisha karibu mara mbili ya alumini, lakini ni nzito na bei yake iko juu. Chuma cha pua kinang'aa vizuri, ila kwa kazi hii kinakuangusha: joto linapita polepole, zaidi ya mara 10 chini ya alumini. Fikiria sufuria ya nyumbani. Ni alumini, na ndio maana huwezi kuishika bila kitambaa.

Venye inajengwa

Anza na vipimo. Betri ya aina ya 18650 ina upana wa milimita 18 na urefu wa 65, kwa hivyo tafuta paipu ya alumini yenye nafasi ya milimita 19 ndani. Mwili wa tochi mzee ya alumini pia unaweza kufanya, na tayari uko na meno ya kufungia kifuniko na springi ya betri.

Sehemu ya pili ndio moyo wa kazi: kipande cha alumini kigumu, kisicho na uwazi, cha urefu wa milimita 25 hadi 30. Hiki kinakaa mbele ya paipu, na katikati yake kinatobolewa tundu la milimita 12. Kuna vijumba vidogo vya brasi vya upana huo vinavyobeba daiodi pamoja na lenzi, na ndivyo vinaingia hapo. Ukiwa Nairobi, peleka kipande kwa fundi wa Kamukunji ama Kariobangi Light Industries mwenye lethi, ile mashine ya kukereza vyuma. Mwambie unataka kiingie kwa paipu kikibana. Drili ya mkono hutoboa tundu likiwa limepinda, na mwanga pia utatoka umepinda.

Kubana ndio siri. Hewa ni adui, juu inapitisha joto vibaya sana, na hata mwanya mwembamba kama karatasi unafunga barabara. Kabla ya kusukuma kipande ndani, paka ile pesti mafundi wa kompyuta huweka chini ya prosesa. Paka safu nyembamba tu, si kama bluband kwa mkate.

Alafu cheki umeme. Daiodi zingine mwili wao wa nje umeungana na mguu mmoja, kwa hivyo ukiziweka kwa chuma, paipu yote inakuwa sehemu ya waya. Pima na mita kwanza ujue ni mguu gani, na uzungushie ile saketi ya kudhibiti ampea utepe wa stima isiguse mwili. Usiruke hiyo saketi. Betri peke yake haijui kusema imetosha.

Mtihani wa mkono

Hapa ndio wengi wanasoma vibaya. Washa leza ikielekea ukuta mweusi usiong'aa, na ushike mwili karibu na mbele. Baada ya dakika moja ukiskia uvuguvugu, hiyo ni habari njema: joto limetoka kwa daiodi na limefika mkononi mwako. Mwili ukikaa baridi kabisa huku mwanga unafifia, joto limekwama ndani. Zima mara moja, toa kipande, tafuta penye kumeachana. Hata ikipita mtihani, ipatie mapumziko: dakika moja ya kuwaka, dakika moja ya kupoa.

Macho hayana spea

Leza za kuonyeshea ubaoni zinafaa kukaa chini ya miliwati 5. Hii ya DVD raita inaweza kufika 200, mara 40 ya hiyo. Jicho hujifunga kwa robo sekunde, na kwa nguvu hii robo sekunde ni kuchelewa. Miwani ya jua haisaidii kitu. Unahitaji miwani ya leza ya rangi hiyo hiyo, iliyoandikwa OD 4 kwenda juu, maana yake inapitisha sehemu 1 tu kati ya 10,000. Na chunga: DVD raita pia huwa na daiodi ya pili ya CD, ambayo mwanga wake karibu hauonekani. Hiyo jicho halijui hata kujifunga. Iache.

Weka kifuniko mbele, na swichi isiyoweza kujiwasha kwa mfuko. Usimulikie mtu, gari wala ndege. Machi 2022, Salah alipiga penalti juu ya goli kule Senegal uso ukiwa kijani kwa leza za mashabiki, na FIFA ikapiga shirikisho la Senegal faini. Rubani anayeshuka Wilson hana penalti ya kurudia. Ako na abiria.