Kiangazi kina Jumamosi 17

Masika yakishakatika mwishoni mwa Mei na njia za mitaa ya pembezoni zikaanza kupitika, jiji la Dar es Salaam huingia katika msimu wa aina yake. Malori ya mchanga na kokoto hupishana Kivule na Chanika, mashine za kufyatulia matofali hulia tangu alfajiri, na kila mwenye kiwanja, gari bovu au kijishamba cha Mkuranga hujisemea moyoni kwamba mwaka huu ndio mwaka. Tatizo ni kwamba hujisemea hivyo kuhusu mambo yake yote kwa mkupuo mmoja.

Mchukulie mtumishi mmoja, ambaye kwa hakika ni wengi. Ana nyumba iliyoishia kwenye lenta huko Chanika. Ana gari ambalo injini yake imeshushwa na kulazwa juu ya tairi kuukuu gerejini. Ana mikorosho ekari mbili Mkuranga, aliyoachiwa na marehemu baba yake. Uani anakopanga ameanza banda la kuku, na ubavuni mwa banda ameegesha mashine ya kuchomelea vyuma, kwa kuwa ana nia ya kufungua karakana ya milango na madirisha atakapostaafu. Hiyo ni miradi mitano. Kila mmoja ukiutazama peke yake ni wa maana, na hakuna mwenye akili timamu atakayemwambia auache. Lakini Oktoba ikifika na mawingu ya vuli yakaanza kukusanyika, katika mitano hiyo hakuna hata mmoja uliokwisha. Umesogea huu kidogo na ule kidogo, na fedha hazipo.

Wengi hulaumu fedha zenyewe. Ni kweli hazitoshi, wala sina nia ya kubishana na mfuko wa mtu. Hata hivyo kuna kitu kingine kinachopotea ambacho hatukihesabu, nacho ni siku.

Tuzihesabu basi. Kuanzia Juni 1 hadi Septemba 30 ni siku 122, yaani wiki 17 na ushei. Kwa mtu wa ofisini siku ya kusimamia kazi zake ni Jumamosi, kwani Jumapili wengi wameiweka kwa ibada, ndugu na kufua. Kwa hiyo kiangazi chote kina Jumamosi 17, miaka mingine 18. Toa misiba, ambayo haiombi ruhusa. Toa harusi, ambazo nazo hupenda miezi hiyo hiyo ya ukavu. Toa siku ya kumtembelea mtoto shule ya bweni. Zikikubakia 12, ushukuru. Ipo pia likizo ya mwaka, ambayo sheria ya ajira ya mwaka 2004 imeiweka kuwa siku 28 mfululizo. Lakini likizo nayo ina wenyewe huko nyumbani kwa wazazi.

Sasa tuseme mtu ana kazi tatu, kila moja inahitaji Jumamosi nne za usimamizi wake: kupaua nyumba, kufufua gari, kujenga banda. Jumla Jumamosi 12. Anayezunguka atakwenda kwenye nyumba wiki ya kwanza, gerejini wiki ya pili, bandani wiki ya tatu, kisha arudie mzunguko. Nyumba yake itakwisha wiki ya 10, gari wiki ya 11, banda wiki ya 12. Anayeshika moja mpaka ikaisha, nyumba itakwisha wiki ya 4, gari wiki ya 8, banda wiki ya 12. Tazama vizuri hesabu hiyo. Banda limekwisha siku ile ile kwa wote wawili. Gari limepona wiki tatu mapema, na nyumba imeezekwa wiki sita mapema, bila kuongeza shilingi wala kibarua.

Na hapo tumefanya kana kwamba kuhama kutoka kazi moja kwenda nyingine hakuna gharama. Ipo. Ukirudi kwenye kiwanja baada ya wiki tatu, lundo la mchanga limepungua, kwani watoto wamelichezea na jirani naye alikuwa na kiraka chake cha kuziba. Mfuko wa saruji uliofunguliwa umeshika unyevu. Kibarua aliyezoea kazi yako amepata kazi Kibaha. Gerejini, bolti za injini zilizotiwa kwenye kopo la maziwa zimechanganyika na za gari jingine, na hakuna anayekumbuka ipi ilitoka wapi. Siku nzima inakwisha katika kutafuta mahali mlipoishia.

Hesabu hii haikubuniwa uswahilini kwetu. Mwaka 1961 mtaalamu wa Marekani, John Little, alichapisha uthibitisho wa kanuni moja ya foleni ambayo leo inatumika viwandani, hospitalini na kwenye simu. Ukiivua joho lake la kitaalamu inasema hivi: muda ambao kazi inakaa ndani ni sawa na idadi ya kazi zilizomo, ukigawanya kwa idadi ya zinazokwisha kila wiki. Kwa hiyo unapopeleka gari gerejini, usimuulize fundi, "Litakuwa tayari lini?" Atakujibu Ijumaa, kwa sababu Ijumaa ni jibu la heshima. Hesabu magari yaliyolala pale, halafu uliza ni mangapi yalitoka wiki iliyopita. Yakiwa 30 ndani na yanatoka matano kwa wiki, gari la kawaida litakaa pale wiki sita, hata fundi angekuapia kwa msahafu na Biblia kwa pamoja.

Kanuni hiyo hiyo inamhusu mwenye miradi. Ukiwa na kazi tano ndani, na nguvu zako zinatosha kumaliza moja kila baada ya miezi miwili, kila kazi itakaa mikononi mwako miezi 10. Ukitaka zitoke haraka zipo njia mbili tu, kuongeza nguvu au kupunguza idadi iliyomo. Ya kwanza inadai fedha. Ya pili inadai kujizuia, na labda ndiyo maana haina wafuasi wengi.

Kabla hatujamrukia fundi, yafaa naye tumwelewe. Fundi wetu hana mtaji. Advansi unayompa Jumatatu mara nyingi inakwenda kumalizia kazi ya mtu aliyetoa advansi mwezi uliopita, na yako itamalizwa kwa advansi ya atakayekuja. Asipopokea kazi mpya, ya zamani haiishi. Tena anaposubiri wewe ulete spea au mbao, tumbo lake halisubiri, kwa hiyo anashika kazi nyingine, na wewe ukirudi na spea humkuti. Sasa mtu mwenye miradi mitano na mafundi watano, kila fundi akiwa na wateja 10, amejiingiza katika msongamano ambao hata polisi wa usalama barabarani asingeuweza.

Wala tabia hii ya kuanza mengi haikutokana na ujinga. Katika nusu ya kwanza ya miaka ya 1990 bei nchini zilikuwa zikipanda kwa zaidi ya asilimia 20 kwa mwaka. Fedha iliyowekwa benki iliyeyuka, lakini tofali halikuyeyuka. Benki ya Nyumba ya Tanzania ilifungwa mwaka 1995, na sheria mahususi ya mikopo ya nyumba haikupatikana mpaka mwaka 2008. Kwa hiyo mwenye mshahara aliyefyatua matofali 200 kila mwisho wa mwezi alikuwa anaweka akiba, na msingi uliochimbwa ulikuwa ndio kitabu chake cha benki. Ilikuwa busara. Lakini katika miaka ya karibuni mfumuko wa bei umekuwa chini ya asilimia 5, na sasa kinachoyeyuka zaidi ni kazi iliyoachwa nusu.

Nasema zaidi, kwani si kila kazi iliyoachwa nusu inaharibika sawa. Hapa ndipo penye siri ya kupanga kiangazi. Ipo kazi inayoweza kulala miaka miwili ukairudia ilivyo, na ipo inayooza wiki ya pili.

Chukua nyumba. Ukuta wa tofali za saruji ulioishia kwenye lenta unaweza kunyeshewa vuli nzima na usidhurike sana. Nondo zilizochomoza zitapata kutu, majani yataota sebuleni, basi. Lakini nyumba hiyo hiyo ikishapandishwa kenchi bila mabati, mambo yamebadilika. Mbao zinapigwa jua na kunyeshewa, zinapinda na kupasuka, na misumari inaachia. Kwa hiyo lenta ni mahali pazuri pa kusimama, na kenchi si mahali pa kusimama hata kidogo. Asiyekuwa na mabati yote mkononi asimwite seremala. Waliochezea jambo hili mwaka 1997, na tena mwaka 2023, walikumbana na vuli za El Nino ambazo hazikumpa mtu nafasi ya kutafuta turubai.

Saruji nayo haina subira. Kuna watu wanaonunua mifuko 50 Juni kwa kuogopa bei ya Septemba, wakaiegemeza ukutani juu ya sakafu. Saruji ndani ya mfuko hunyonya unyevu wa hewa, na hewa ya pwani unaijua. Ikishapita miezi mitatu imekwisha kupoteza sehemu ya nguvu zake, na ukikuta mabonge yasiyovunjika kwa vidole, hiyo si ya kumwagia zege tena. Inunuliwe ya kazi ya wiki hiyo, ikae juu ya mbao na mbali na ukuta.

Gari lililosimama likiwa zima hufa polepole: betri inaisha, tairi zinakaa vibaya, diski za breki zinashika kutu. Lakini gari lililofunguliwa injini hufa kwa haraka zaidi. Kuta za silinda zilizoachwa wazi zinaota kutu, na kuna ugonjwa mwingine ambao haumo katika kitabu chochote cha ufundi, ule wa kuazimwa. Leo altaneta imetolewa "kujaribishia" gari la mwingine, kesho ni kabureta, na baada ya miezi mitatu unalipia matengenezo ya bodi tupu. Injini isishushwe mpaka orodha ya spea imeandikwa, bei imeulizwa na fedha yake ipo kamili. Kabla ya hapo, gari libaki nyumbani limefunikwa.

Mikorosho ndiyo isiyojua kabisa habari ya mshahara wako. Inachanua kuanzia katikati ya mwaka, na wakati huo ndipo ukungu wa ubwiriunga unapovamia machipukizi na maua. Salfa hukinga maua ambayo bado hayajashikwa, haifufui yaliyokwisha kukauka, na lazima irudiwe kila baada ya wiki mbili tatu mpaka kipindi cha hatari kipite. Mwenye shamba akisema "nikimaliza kupaua nitakwenda Mkuranga", atakuta miti ina majani mazuri ya kupigia picha. Kwa hiyo korosho zinachukua Jumamosi zake tatu au nne kwanza, kwa tarehe, na kazi nyingine zinapangwa katika zile zilizobaki. Ukiona Jumamosi hizo ni nyingi mno, mtafute ndugu wa kijijini mgawane mavuno.

Baada ya korosho, yule mtumishi wetu ashike lipi? Mimi ningemwambia nyumba, lakini si nyumba yote. Kazi imekwisha pale inapoanza kukufaa, rangi na marumaru ni habari nyingine. Wenye nyumba wengi wa Dar es Salaam hudai kodi ya miezi sita au ya mwaka mzima kwa mkupuo. Mtu akiezeka, akatia milango, akapiga lipu vyumba viwili na akawa na choo, anaweza kuhamia na kuiacha kodi ile. Ni kodi hiyo itakayonunua spea za gari mwakani. Akianza na gari, gari litamla yeye na kodi itaendelea kama kawaida.

Na fundi alipwe kwa hatua: kenchi zikikaa, kiasi fulani, bati la mwisho likipigiliwa, kiasi fulani, kubwa zaidi liwe la mwisho. Vifaa vyote viwepo kiwanjani asubuhi anapoanza, ili asipate sababu ya kwenda kushika kazi ya mwingine.

Mashine ya kuchomelea ifunikwe, iwekwe pakavu, na isifikiriwe tena hadi mwakani. Haina hasara hapo ilipo. Ama kuku, vifaranga visiagizwe mpaka banda lina mlango, wavu na taa ya joto, na chanjo ya kideri imeshaulizwa inapatikana wapi. Kifaranga wa siku moja akishafika kwenye boksi lake, wiki ya kwanza ina ratiba yake na ya pili ina yake, na wewe Jumamosi hiyo uko Mkuranga na mfuko wa salfa begani.