Je, Wajua? Samaki Akiugua, Mgonjwa wa Kwanza Ni Maji

Je, wajua kwamba samaki wa tangi la kioo anaweza kufa kwa sumu aliyoitoa mwilini mwake mwenyewe, ilhali maji yanang'aa na chakula kipo tele?

Wakazi wa Meru na Embu wanajua samaki wa bwawa. Tangu jadi, jamii za pande hizi za Mlima Kenya hazikuwa walaji wakubwa wa samaki. Lakini mwaka 2009 serikali ikaanzisha mpango wa kufufua uchumi, na mabwawa 200 yakapangwa kuchimbwa katika kila eneo bunge kati ya maeneo bunge 140. Meru ikajengewa hata kiwanda kidogo cha kusindika samaki huko Kanyakine, Imenti Kusini. Basi aliyezoea bwawa la shambani akinunua tangi la sebuleni, hudhani kazi ni ile ile, ila imepungua. La hasha, imeongezeka.

Piga hesabu. Bwawa la mpango ule lilikuwa na eneo la mita 300 za mraba. Likiwa na kina cha mita moja, hubeba lita 300,000. Humo hutiwa vifaranga 1,000, kwa hivyo kila samaki ana lita 300 zake. Sasa chukua tangi la urefu wa sentimita 60, upana 30 na kimo 30. Hilo ni lita 54 tu. Ukiweka samaki kumi, kila mmoja ana lita tano na kitu. Kosa linalopotea bwawani bila mtu kujua, ndani ya kioo huua usiku mmoja.

Sumu yenyewe ni amonia. Samaki huitoa hasa kupitia matamvua yake anapopumua, na mabaki ya chakula yanayooza chini ya changarawe huiongeza. Haina rangi. Ukali wake hutegemea pH, yaani kipimo cha uasidi wa maji: maji yenye pH ya 8 huwa na amonia kali takribani mara kumi kuliko yenye pH ya 7, hata kama jumla ya amonia ni ile ile.

Ni nani basi anayemwokoa samaki? Ni bakteria. Mwaka 1890 mwanasayansi Sergei Winogradsky alifaulu kuwatenga bakteria wanaoishi kwa kuigeuza amonia. Kundi la kwanza huifanya naitriti, ambayo nayo ni sumu. Kundi la pili huigeuza naitriti kuwa naitreti, ambayo samaki huivumilia kwa kiwango kikubwa zaidi. Bakteria hawa hawaelei majini kwa wingi. Hujishika kwenye changarawe na hasa ndani ya sponji ya kichujio. Ikamue sponji hiyo, utaona tope la kahawia likichuruzika. Mwenye nyumba huona uchafu. Kumbe humo ndimo wanamoishi walinzi wa tangi zima.

Hapo ndipo wengi wetu tunapojikwaa. Jumamosi tunamwaga maji yote, tunasugua changarawe na kuisuuza sponji chini ya mfereji. Maji ya mfereji yana klorini iliyotiwa ili kuua vijidudu, nayo haibagui. Bakteria wanakufa, klorini inachoma matamvua, na baada ya siku mbili tatu amonia inapanda. Tunasema samaki amepatwa na ugonjwa, kumbe tuliosha tiba yake tukaimwaga.

Nyanda zetu za juu zina majaribu yao. Embu iko takribani mita 1,350 juu ya usawa wa bahari, na mji wa Meru unapita mita 1,500. Kadiri unavyopanda, hewa huwa nyepesi na maji hushika oksijeni kidogo. Katika joto lile lile, maji ya Meru hushika oksijeni pungufu kwa takribani moja ya sita kuliko ya Mombasa. Ndiyo maana pampu ya hewa huku si pambo. Kisha kuna baridi ya Julai. Samaki wa nchi za joto wanaotaka nyuzi 24 hadi 26 hukosa hamu ya kula, kinga yao hushuka, na chakula wasichokigusa huoza. Bila hita, punguza chakula, au fuga samaki wa dhahabu, ambaye huvumilia baridi.

Sogea karibu na kioo asubuhi, kabla hujawasha taa. Samaki akihemea juu ya maji, mdomo ukifunguka na kufumbika upesi, shuku upungufu wa oksijeni au sumu. Matamvua mekundu kama yaliyoungua ni dalili ya amonia. Yakiwa ya kahawia, shuku naitriti, kwa maana huiharibu damu isibebe oksijeni. Nyuzi nyeupe kama pamba juu ya kidonda ni ukungu. Mwili ukivimba na magamba yakasimama, hali ni mbaya na uponaji ni wa nadra.

Ukiona vitone vyeupe kama punje za chumvi kwenye mapezi, na samaki anajikuna kwenye mawe, huyo ni kimelea aitwaye Ichthyophthirius. Maisha yake yanafaa kujulikana. Akiwa ndani ya ngozi, dawa haimfikii. Akishakua huanguka chini, hujifunika, na kugawanyika kuwa mamia ya watoto wanaoogelea kumtafuta samaki mwingine. Wasipompata kwa siku mbili hivi, hufa. Ni wakati huo wa kuogelea tu dawa huwaua. Katika nyuzi 25 mzunguko huu huchukua chini ya wiki, lakini kwenye maji ya baridi huvuta wiki kadhaa. Kwa hivyo usiache tiba vitone vinapopotea. Endelea siku kadhaa zaidi.

Matibabu huanzia majini. Badilisha robo hadi theluthi ya maji, wala si yote. Yaache maji mapya kwenye ndoo wazi usiku kucha ili klorini ipungue, na yafikie joto la tangi kabla ya kuyamimina. Suuza sponji katika maji uliyoyachota tangini, si ya mfereji. Simamisha chakula siku moja au mbili. Samaki wengi huvumilia gramu 1 hadi 3 za chumvi kwa lita, ikiongezwa polepole. Huwasaidia dhidi ya naitriti na vimelea. Mgonjwa mtenge, na samaki mgeni mweke kwenye chombo cha pembeni wiki mbili hadi nne kabla ya kumchanganya na wenzake. Tangi jipya lipe wiki nne hadi sita bakteria wakue, ukianza na samaki wachache.

Maji ya tangi lenye wagonjwa usiyamwage mtoni, wala usimtupe humo samaki uliyemchoka. Mito ya Kathita na Rupingazi huishia mto Tana, na Tana ina samaki wake wasiojua magonjwa ya sebuleni kwako.

Siku samaki wako atakapokataa chakula, usianze kwa kukimbilia duka la dawa. Chota ndoo mbili za maji, ziache wazi hadi asubuhi, kisha uanze na huyo mgonjwa wa kwanza.