Siku Moja Mombasa

Mji wa Mombasa, nchini Kenya, uko kisiwani. Tuliuzunguka kwa gari siku nzima. Katika Barabara ya Moi tulipita chini ya pembe nne kubwa. Si za tembo, ni za aluminiamu.

Kisha tuliona ngome iitwayo Fort Jesus. Wareno walianza kuijenga mwaka 1593. Kuta zake ni nene mno. Mwaka 1696 Waarabu wa Oman waliizingira. Mizinga ilikuwamo ndani, lakini chakula kilikwisha. Watu wengi walikufa kwa njaa na maradhi. Ngome ilitekwa Desemba 1698.

Jioni tulivuka maji kwa kivuko cha Likoni. Magari hulipa, waendao kwa miguu hawalipi. Mama mmoja alituita, “Ndoo!” Kwa Kimvita ni “njoo”. Kwetu Sumbawanga ndoo ni ya maji.