Gasketi ya Kichwa cha Injini ya Dizeli

Mazungumzo yetu ya leo ni habari ya kitu chembamba kama sarafu, ambacho mafundi hukiita gasketi ya kichwa. Twasema hasa na wenye injini za dizeli za zamani, za kusagia mahindi, za kuvutia maji, na za magari yaliyotumika miaka mingi. Injini hizo hufunguliwa mara kwa mara, na kila zifunguliwapo mwenye mali hutumwa dukani kununua gasketi mpya, naye hajui aulize nini.

Kwanza tujue kazi yake. Injini ya dizeli haiwashi mafuta kwa cheche. Pistoni huishindilia hewa ndani ya silinda mpaka ibaki kama sehemu moja katika ishirini, ikapata moto kupita digrii 500 za sentigredi. Kisha mafuta hupulizwa humo, yakawaka yenyewe. Gasketi hukaa kati ya bloku na kichwa, ikizuia moto huo usitoke, na maji na oili visichanganyike. Tena unene wake ndio huamua nafasi inayobaki juu ya pistoni. Ikiwa nene mno, hewa haishindiliwi ipasavyo: asubuhi injini hukataa kuwaka, na ikiwaka hutoa moshi mweupe. Ikiwa nyembamba mno, pistoni yaweza kugonga kichwa, na hapo gharama si ya gasketi tena.

Watu wengi huishika gasketi kuukuu mkononi, wakaifananisha na ile ya dukani. Hilo ni kosa, kwa kuwa ile kuukuu imekwisha kubanwa, wala haijulikani kama aliyeifunga alipima. Kinachopimwa ni pistoni. Katika injini nyingi za namna hii, pistoni ifikapo juu kabisa huchomoza kidogo kupita uso wa bloku. Fundi huweka kipimo cha saa juu ya bloku, akaizungusha injini kwa mkono, akapima kila pistoni mahali pawili, kisha akashika kipimo kilicho kikubwa kuliko vyote, wala si wastani.

Tutwae mfano wa injini za Toyota za 2L na 3L, zilizofungwa katika Hilux na Hiace nyingi za miaka ya 1980 na 1990. Gasketi zake ni namna tatu. Yenye alama B, unene milimeta 1.40 mpaka 1.50, ni ya pistoni iliyochomoza 0.68 mpaka 0.77, D, unene 1.50 mpaka 1.60, ni ya 0.78 mpaka 0.87, na F, unene 1.60 mpaka 1.70, ni ya 0.88 mpaka 0.97. Msomaji akitoa hesabu ataona kwamba nafasi inayobaki haifiki hata milimeta moja. Injini nyingine zina hesabu zao, na gasketi za baadhi yake hutiwa matundu ukingoni badala ya herufi. Kitabu cha injini yenyewe ndicho cha kufuatwa.

Kuna neno moja twalisikia sana: kwamba kichwa kikichongwa, yapasa kuweka gasketi nene ili kurudisha kilichoondolewa. Katika injini ambayo uso wa kichwa chake ni bapa, si kweli. Kuchonga kichwa hakubadili urefu wa pistoni juu ya bloku. Kinachosogea karibu na pistoni ni valvu, nazo hurekebishwa kwa kuchimba vikalio vyake. Ni bloku ikichongwa ndipo pistoni huzidi kuchomoza, na gasketi nene ikahitajiwa.

Kwa mashine ya kusaga yenye silinda moja, ambayo fundi wake hana kipimo cha saa, risasi hutosha. Huwekwa kipande cha waya laini wa risasi juu ya pistoni, kichwa kikafungwa na kukazwa, gurudumu likazungushwa polepole kwa mkono, kisha risasi iliyobanwa ikatolewa na kupimwa.

Sasa twaja kwa maada yake. Gasketi za tabaka za feleji ni imara sana, lakini zataka uso laini uliosagwa kwa mashine. Juu ya bloku yenye mikwaruzo huvuja upesi. Palipo mbali na karakana, sisi twaona afadhali ile ya nyuzi yenye kiini cha feleji na pete za chuma kuzunguka silinda, maana husamehe kasoro ndogo, ingawa zilizo nyingi zahitaji kukazwa tena injini ikiisha kupata moto.

Gasketi za zamani zilitiwa asbesto, na vumbi lake huleta saratani ya mapafu miaka mingi baadaye. Uingereza iliipiga marufuku mwaka 1999. Kwa hiyo gasketi kuukuu ilowanishwe kabla ya kubanduliwa, isikwanguliwe kavu, wala vumbi lake lisipulizwe kwa mdomo. Na kabla ya kuifukia, mwenye injini aandike alama iliyo ukingoni mwake: si ya kununulia nyingine, ila ajue fundi wa kwanza alifunga nini.