Kuendesha Shule Wakati wa Korona: Kyarumba na Bwera, 2020 hadi 2022

Shule zote za Uganda zilifungwa tarehe 20 Machi 2020, siku moja kabla ya nchi hiyo kuthibitisha mgonjwa wake wa kwanza wa korona. Amri ya Rais Yoweri Museveni iliwagusa wanafunzi wapatao milioni 15. Milango ilifunguliwa kwa wote tarehe 10 Januari 2022. Mashirika ya Umoja wa Mataifa yalihesabu wiki 83 ambazo shule zilifungwa zote au kwa sehemu, na hakuna nchi nyingine duniani iliyofikia muda huo. Majirani walikwenda njia tofauti. Tanzania ilifunga katikati ya Machi 2020 na kuwarudisha wanafunzi wote kabla ya Julai. Kenya iliwarudisha wote Januari 2021. Burundi haikufunga.

Uganda haina ngazi inayoitwa shule ya kati. Mtoto husoma miaka saba ya msingi, minne ya sekondari ya chini, kisha miwili ya juu. Hata hivyo umri wa kati upo, na kila mwalimu anaujua: darasa la tano hadi la saba na vidato viwili vya mwanzo, watoto wa miaka 11 hadi 15. Korona iliwaumiza hao kwa namna yake. Mtoto wa darasa la kwanza akikosa shule hubaki uani na wadogo zake. Kijana wa kidato cha sita ana mtihani wa taifa mbele yake, na serikali inamkumbuka kwa sababu ya mtihani huo. Aliye katikati ana nguvu za kutosha kuchuma kahawa na kubeba mizigo. Akiwa msichana, ameshavunja ungo au anakaribia. Na kama hayumo katika darasa la mtihani, hakuna anayeharakisha kumwita arudi.

Ratiba ya kurudi ilionyesha jambo hilo waziwazi. Tarehe 15 Oktoba 2020 waliitwa wa darasa la saba, kidato cha nne na cha sita. Tarehe 1 Machi 2021 ikawa zamu ya darasa la sita, kidato cha tatu na cha tano, yaani wale ambao mtihani wao ulikuwa mwaka mmoja mbele. Madarasa mengine yalifuata kwa mafungu, na kabla hayajatulia, wimbi la pili la ugonjwa likafunga shule tena mwanzoni mwa Juni 2021. Waliofanya mtihani wa kumaliza msingi mwishoni mwa Machi 2021 walikaa nyumbani hadi Januari 2022 ndipo wakaanza kidato cha kwanza.

Kyarumba iko kwenye miteremko ya Rwenzori, kusini mwa wilaya ya Kasese, katika nchi ya Wakonzo. Ni mji mdogo wa kahawa ya arabika. Ushirika wa wakulima wa Bukonzo Joint una makao yake hapo. Bwera iko upande wa mpaka, karibu na soko kubwa la Mpondwe, ambako mto Lhubiriha unatenganisha Uganda na Kongo bila kutenganisha watu, kwani Wakonzo wa huku na Wanande wa ng'ambo ni ndugu. Mpaka ulipofungwa kwa wasafiri Machi 2020, huku malori ya mizigo yakiendelea kupita, familia zenye watu pande zote mbili zilikatika, na mtoto wa Kongo aliyesoma upande wa Uganda hakuwa na njia halali ya kurudi darasani. Wilaya za mpakani, Kasese ikiwemo, zilibaki bila usafiri wa abiria hata pale magari yalipoanza tena kutembea kwingineko nchini. Na Mei 2020 mito ya Rwenzori ilifurika, ikabomoa hospitali ya Kilembe na kuacha maelfu bila makao. Baadhi yao walihifadhiwa katika majengo ya shule ambayo wakati huo hayakuwa na wanafunzi.

Tofauti na wilaya nyingi, Kasese haikuingia katika janga la korona ikiwa mgeni wa tahadhari. Ebola ilikuwa imetangazwa Kivu Kaskazini, upande wa Kongo, tarehe 1 Agosti 2018. Tarehe 11 Juni 2019 Uganda ilithibitisha mgonjwa wa kwanza wa mlipuko huo: mtoto wa miaka mitano aliyevuka na jamaa zake kutoka Kongo, akafikishwa hospitali ya Kagando, kisha akahamishiwa Bwera, ambako alifariki. Bibi yake na mdogo wake nao walifariki. Mwishoni mwa Agosti mwaka huohuo msichana wa miaka tisa alikutwa na dalili hapo Mpondwe, naye hakupona. Kwa hiyo kupimwa joto, kunawa mlangoni na kuacha kupeana mikono yalikuwa mambo ambayo watu wa Bwera na vilima vya jirani walikwisha kuyaona kabla neno korona halijasikika.

Kifaa kilichobeba mzigo mkubwa ni kibuyu chirizi. Dumu dogo la plastiki hutobolewa tundu karibu na mdomo na kuning'inizwa kwenye mti mlalo. Kamba hufungwa shingoni mwa dumu na kushuka hadi kwenye kijiti kinachokanyagwa kwa mguu. Anayenawa hashiki chochote isipokuwa sabuni, na maji hutoka kidogokidogo. Kwa shule isiyo na bomba hakuna kilicho bora zaidi. Shida yake ni maji yenyewe. Mahali ambapo watoto huteka mtoni au kwenye chemchemi iliyo bondeni, shule ya wanafunzi 600 wanaonawa mara tatu kwa siku, nusu lita kila mara, inahitaji lita 900, sawa na madumu 45 ya lita 20, kila siku ya masomo. Lazima mtu apangwe kuyaleta, na akipangwa mtoto, kipindi chake kimekwenda.

Lakini ebola na korona haziambukizi kwa njia moja. Ebola hupita katika majimaji ya mwili wa mgonjwa au maiti, na asiye na dalili haambukizi. Ndiyo maana mwaka 2019 shule ziliendelea na masomo huku wagonjwa wakitafutwa mmojammoja. Korona husambaa zaidi kwa hewa, na anayeonekana mzima anaweza kuwa nayo. Hapo kipimajoto cha mlangoni hakitoshi. Kinachosaidia ni nafasi, madirisha yaliyo wazi, barakoa, na masomo chini ya mti pale mvua inaporuhusu. Mkazo mwingi katika shule za Afrika Mashariki uliwekwa kwenye ndoo na vipimajoto, kwa kuwa ndivyo vinavyonunulika na kukaguliwa kwa urahisi. Hewa haikupewa uzito uliostahili.

Nafasi nayo ilikuwa hesabu ngumu. Tangu Uganda ianze elimu ya msingi kwa wote mwaka 1997, madarasa ya shule za serikali yamejaa. Chumba cha mita 6 kwa 8 chenye umbali wa mita 2 kati ya mwanafunzi na mwanafunzi hakichukui zaidi ya watoto 20. Darasa la watoto 80 linahitaji vyumba vinne na walimu wanne, au zamu. Ndiyo sababu kurudi kulifanywa kwa madarasa machache kwa wakati: madarasa mengine yakibaki nyumbani, vyumba vyao vinatumika. Kwa hesabu hiyohiyo watoto wa kati ndio waliotoa nafasi zao ili watahiniwa wakae kwa umbali.

Masomo ya mbali yalipangwa kwa njia tatu. Kituo cha Taifa cha Ukuzaji Mitaala kilichapisha vijitabu vya kujisomea, vikasambazwa kupitia wilaya hadi kwa wenyeviti wa vijiji. Magazeti yalichapa masomo. Redio na televisheni zilirusha vipindi. Kila njia ilikwama mahali pake. Vijitabu vilikuwa vichache, na kwa madarasa ya juu viliandikwa kwa Kiingereza. Katika shule za Uganda lugha ya kienyeji ndiyo ya kufundishia hadi darasa la tatu. Baadaye Kiingereza huchukua nafasi. Mama anayesoma Kikonzo vizuri aliweza kumsaidia mtoto wa darasa la pili, akashindwa kumsaidia wa darasa la sita. Kwa mara nyingine wa kati ndiye aliyebaki peke yake na kitabu chake.

Redio ilikuwa na kikwazo cha milima. Mawimbi ya FM husafiri kwa mstari ulionyooka, na nyumba iliyo nyuma ya kilima haipati kitu hata kama mnara uko karibu. Katika mabonde ya Rwenzori kaya mbili za kijiji kimoja zinaweza kutofautiana: ya mgongoni inasikia kila neno, ya bondeni inasikia mkwaruzo. Serikali ilitangaza mwaka 2020 mpango wa kuzigawia kaya redio, lakini ahadi hiyo haikutimizwa. Intaneti ilikuwa mbali zaidi. Tangu Julai 2018 aliyetaka kutumia mitandao ya kijamii alilipa ushuru wa shilingi 200 kwa siku, na ulipofutwa Julai 2021 ukawekwa ushuru wa asilimia 12 juu ya bando. Simu yenye kioo kikubwa, ilipokuwepo, ilikuwa ya baba, naye alitoka nayo asubuhi.

Katika hali hiyo chombo chenye nguvu kuliko vyote kilikuwa daftari la majina. Shule inayoendeshwa wakati wa janga hailindi majengo tu. Inalinda uhusiano na kila mtoto aliyeandikishwa. Mwalimu mkuu anapoligawa daftari kwa vijiji, kila mwalimu akapewa vijiji vilivyo karibu na kwake, akapita kila baada ya wiki mbili kuuliza nani yupo, nani amehamia kwa shangazi, nani ameanza kazi, nani anaumwa, shule hiyo inaendelea kuwapo hata kama kengele haigongwi. Ziara ya robo saa inatosha kuacha maswali matano ya hesabu na kuchukua majibu ya zamani. Mzazi naye anaelewa kuwa mtoto bado anahesabiwa. Kazi hii inawezekana pale mwalimu anapolipwa. Walimu wa serikali waliendelea kupata mishahara. Wenzao wa shule binafsi, wanaotegemea ada, wengi walikaa bila kitu, wakaingia kwenye bodaboda, kilimo na biashara ndogo. Agosti 2021 Mamlaka ya Taifa ya Mipango ilionya kuwa shule za msingi 3,507 na za sekondari 832 zingeweza kufungwa moja kwa moja kwa kukosa fedha, na kwamba asilimia 30 ya wanafunzi huenda wasirudi.

Sababu za kutorudi zilijulikana mapema. Watoto waliingia kwenye mashamba ya kahawa, machimbo ya mawe na biashara za sokoni. Ripoti ya Human Rights Watch ya mwaka 2021 ilieleza jinsi njaa na kufungwa kwa shule vilivyowasukuma watoto wa Uganda kwenye kazi za hatari. Akishazoea kushika fedha yake, kijana wa miaka 14 haoni kwa nini arudi kwenye dawati la darasa la sita. Kwa wasichana hali ilikuwa mbaya zaidi. Takwimu za vituo vya afya zilizokusanywa na Shirika la Umoja wa Mataifa la Idadi ya Watu zinataja mimba 354,736 za wasichana wa umri wa ujana mwaka 2020 nchini kote. Miongozo ya Wizara ya Elimu ya mwaka huo ilimtaka msichana aondoke shuleni mimba ikifika miezi mitatu na kurudi mtoto akiwa na miezi sita. Shule zilipofunguliwa Januari 2022 serikali iliagiza wajawazito na wanaonyonyesha wapokelewe, agizo ambalo baadhi ya viongozi wa dini walilipinga. Serikali ilikuwa sahihi kuagiza hivyo. Msichana aliyefukuzwa mara ya pili harudi mara ya tatu.

Januari 2022 kila mwanafunzi alipandishwa darasa bila mtihani. Waliokuwa darasa la tatu shule zilipofungwa waliketi darasa la nne wakiwa na miaka miwili zaidi, na Kituo cha Mitaala kikatoa mtaala uliofupishwa ili mada muhimu zilizopotea zifundishwe pamoja na za darasa jipya. Utafiti wa shirika la Uwezo ulionyesha kazi iliyokuwapo: watoto wasioweza kusoma hata herufi waliongezeka kutoka asilimia 6.2 mwaka 2018 hadi 11.6 mwaka 2021. Kwa mwalimu wa darasa la sita hii ina maana ya kufundisha makundi mawili au matatu ndani ya chumba kimoja, na kutenga saa ya kusoma kwa wale ambao zamani angewaachia walimu wa madarasa ya chini.

Kidato cha kwanza cha 2020 kilipata pigo la pekee. Ndicho kilichozindua mtaala mpya wa sekondari ya chini, wenye kazi za mikono, miradi na Kiswahili cha lazima katika vidato viwili vya kwanza, somo ambalo watoto wa mpakani wangelitumia sokoni jioni ileile. Walikuwa darasani wiki chache tu shule zikafungwa. Mtaala unaotegemea majadiliano na mwalimu aliye karibu haufundishiki kwa redio. Darasa hilo lilifanya mtihani wa kidato cha nne mwaka 2024, mwaka wa tano wa safari ya miaka minne.

Septemba 2022 ebola ya aina ya Sudan ilizuka Mubende, na wanafunzi wakawa miongoni mwa waliougua. Safari hii serikali haikufunga bila kikomo. Ilikatisha muhula wiki mbili kabla ya wakati, tarehe 25 Novemba, na shule zikafunguliwa tarehe 6 Februari 2023. Janga jingine likija, tarehe ya kurudi itangazwe siku ileile ya kufunga, na watoto wa darasa la tano hadi kidato cha pili wawe wa kwanza kuitwa.