Ofisa wa Ajira Naye Ana Kwao

Kijana anapoingia katika ofisi ya ajira hudhani anakutana na serikali. Kumbe anakutana na mtu: mwenye malezi yake, shule yake na taabu zake. Mtaalamu wa Marekani, Michael Lipsky, alilieleza jambo hili katika kitabu chake cha mwaka 1980. Sera, alisema, haikamiliki kwenye karatasi za wakubwa, bali mikononi mwa mtumishi anayeonana na wananchi. Watu ni wengi, muda ni mfupi. Basi huamua upesi nani asaidiwe na nani arudi kesho.

Katika haraka hiyo hutegemea maisha aliyoyaishi. Aliyelelewa katika nyumba ya wasomi huuliza vyeti. Aliyekulia sokoni huweza kumtambua kijana asiye na cheti lakini anayejua kuuza.

Je, dawa ni kuajiri wale tu waliowahi kusota? La. Mwaka 2015 watafiti wa Marekani walichapisha matokeo ya kushangaza. Walisimulia habari za mtu aliyetafuta kazi, akakosa, akaishia kuuza dawa za kulevya. Waliowahi kukosa kazi na kujinasua walimhukumu kwa ukali kuliko wasiowahi kuikosa. Tukishavuka mto, husahau kina chake.

Nami sijitoi. Niliwahi kukaa nyuma ya meza ya namna hiyo. Nilianza maisha kwa kubeba magunia bandarini, kwa hiyo kila kijana aliyekataa kibarua nilimwona mvivu. Mmoja alikataa kazi ya usiku. Nikaisukuma fomu yake chini kabisa. Miezi kadhaa baadaye nikajua alikuwa akimwuguza mama yake, na usiku hakuwa na wa kumwachia. Sikuwa nimemwuliza. Mimi nilipobeba magunia, mama yangu alikuwa mzima, tena ndiye aliyenipikia.

Basi nashauri mambo mawili. Ofisa aulize sababu kabla ya kuandika. Na kijana anapokataliwa, faili lake lipitiwe na ofisa wa pili, aliyetoka maisha tofauti.

Nawe kijana, ukikataa kibarua, taja sababu hata kama hukuulizwa. Huenda aliye mbele yako anajiangalia mwenyewe.