Kiwanja si Pahala Patupu

Katika milima ya Usambara, wilayani Korogwe, pana mahali paitwapo Lutindi. Wengi wa wasomaji wetu wa visiwani hawajapata kufika huko, wala si ajabu, kwani njia yake ni ya mlima na msitu. Hata hivyo Lutindi ina uhusiano nasi ulio wa zamani. Mwaka 1896 wamisionari wa Kijerumani walijenga huko makao ya watoto waliookolewa katika biashara ya utumwa, biashara ile ile iliyokuwa na soko lake hapa petu Mkunazini, mpaka soko hilo lilipofungwa mwaka 1873. Mwaka 1904 makao hayo yakageuzwa kuwa hospitali ya wagonjwa wa akili, nayo ipo hadi leo.

Hatusemi haya kwa kuusifu utawala wa Kijerumani, ambao mwaka mmoja tu baadaye ulianza kuwamiminia risasi wakulima wa Maji Maji. Lakini Lutindi ina jambo moja linalostahili kutazamwa. Mgonjwa hakuwekwa chumbani mchana kutwa akatazama ukuta. Alipewa jembe akatoka nje, akalima pamoja na wenzake, akapigwa na jua na upepo wa mlimani, na kazi hiyo ya nje ikahesabiwa kuwa sehemu ya matibabu yake. Yaani waliokuwa na dhamana ya kutibu akili walikwisha kuelewa kwamba mtu huhitaji mahali penye hewa kama anavyohitaji chakula.

Tulilikumbuka jambo hilo jioni moja tulipokuwa tukipita Ng'ambo, baina ya Kisimamajongoo na Michenzani. Watoto waliotoka chuoni walikuwa wakicheza mpira baina ya magari yaliyoegeshwa, na kila mara mmoja wao alilala kifudifudi kuutoa mpira uvunguni mwa gari. Wasichana hawakuwa na lao hata hilo. Walisimama mlangoni wakitazama. Wazee watatu walikuwa wamehamisha viti vyao mara ya pili, kwa vile duka lililo karibu lilikuwa limejiongezea hatua nyengine mbili kuelekea pale walipozoea kucheza bao.

Msomaji ajaribu kuyahesabu majina ya mitaa yetu: Mwembetanga, Mwembeladu, Mwembeshauri, Miembeni, Michenzani, Kikwajuni. Hiyo ni miembe, michenza na mkwaju. Wazee wetu waliita mtaa kwa mti kwa sababu chini ya mti ndipo watu walipokutana, wakapumzika na kushauriana. Leo jina tunalo, limeandikwa hata kwenye mabango ya daladala, na mti wenyewe mtoto wa mtaa hawezi kukuonesha ulikuwa wapi.

Tatizo, kwa maoni yetu, limeanzia katika neno. Kwa Kiswahili chetu "kiwanja" ni pahala pa kuchezea, na "kiwanja" vile vile ni kipande cha ardhi kilichopimwa ili kijengwe nyumba. Mtoto akitaja kiwanja anafikiria magoli mawili ya mawe. Mwenye fedha akitaja kiwanja anafikiria msingi na matofali. Wote wawili wanasema Kiswahili sahihi. Lakini yule wa pili huwa na karatasi mkononi, yenye namba, ramani na muhuri, na wa kwanza hana karatasi yoyote. Siku wanapogongana hapana haja ya kuuliza nani atashinda.

Wakati wa ukoloni mambo haya yalikuwa na mpango wake, mpango mbaya. Kijito kilichoutenga Mji Mkongwe na Ng'ambo kilifukiwa kidogo kidogo, na kazi hiyo ilimalizikia katika miaka ya 1950. Sehemu ya Mnazi Mmoja ikawa viwanja vya kriketi na gofu, na mtu wa Ng'ambo aliingia humo zaidi siku za Sikukuu. Dar es Salaam nako Mnazi Mmoja ya huko iliachwa wazi iwe ukanda wa kuwatenga Waafrika wa Kariakoo na wakaazi wengine. Bustani ya Forodhani ilitengenezwa katika miaka ya 1930, nayo imo upande wa mawe, mbele ya bahari. Ng'ambo, ambako ndiko watu walikokuwa wengi, haikupewa bustani kama hiyo.

Mapinduzi ya 1964 yaliyabadilisha hayo. Mwaka 1965 ardhi yote ikatangazwa kuwa mali ya Serikali kwa niaba ya wananchi, na katika uhai wa Mzee Karume majumba ya Michenzani yakaanza kusimama. Tunawaomba maofisa wetu wayatazame majumba yale kwa makini. Baina ya jumba na jumba iliachwa nafasi pana. Nafasi hiyo haikusahauliwa na fundi, wala haikubaki kwa kukosekana saruji. Waliopanga walijua kwamba mtu akipandishwa ghorofani amenyang'anywa ua wake, na hana budi arejeshewe ua mwengine chini, wa jumuiya. Kwa hiyo anayejenga kibanda pale hajengi pasipo na mwenyewe. Anajenga ndani ya ua wa watu.

Na tuseme kweli, ingawa ni chungu kwetu sisi wenyewe tulio katika uongozi: baadhi ya vibanda hivyo vilianza kwa bendera. Ilipandishwa bendera, ikawekwa baraza ya kukaa na redio, likaja bati, kisha likatokea duka, na mwenye duka akawa analipa kodi kwa mtu asiyejulikana. Sheha akaona haya kuuliza, na ofisa wa manispaa akaogopa.

Mkoa wa Mjini Magharibi ulikuwa na watu 593,678 katika sensa ya 2012. Sensa ya 2022 ilihesabu 893,169. Watu hao lazima wapate nyumba, na hatumlaumu anayejenga. Kazi ya kujenga upya mitaa ya zamani imekwisha kufika Kwahani, na ni kazi njema. Lakini masika yakija, maji yasiyopata udongo wa kuyanywa huingia vyumbani, na hapo hata nyumba nzuri hupoteza uzuri wake. Forodhani iliyofunguliwa upya mwaka 2009 tunaipenda, na kiwanja cha kufurahishia watoto cha Kariakoo pia, ila mama mwenye watoto watano hawezi kila jioni kulipia bembea.

Mpango wa Ng'ambo Tuitakayo, uliotayarishwa na wataalamu wetu wa mipango miji pamoja na wenzao wa Uholanzi, ulikwisha kulizungumza suala hili la nafasi za wazi, na wananchi waliulizwa maoni yao. Kilichobaki si semina nyengine. Kila nafasi ya wazi ipimwe kama inavyopimwa ardhi ya kujengea, ipewe namba, iingizwe katika daftari la ardhi kwa jina la wananchi wa mtaa, na ramani yake ibandikwe ukutani katika ofisi ya sheha ambapo kila apitaye ataiona. Barua ya mtu mmoja, awe na cheo gani, isitoshe kuibadilisha.

Kazi ianzie Michenzani, baina ya majumba, kabla ya mvua za masika, na vibanda vyenye bendera vitangulie kuondoka. Sheha yeyote atakayeandika orodha ya nafasi zilizosalia katika shehia yake na kutuletea, safu hii itaichapisha kama ilivyo.